Aliyesemwa Ameungua ni Mota, Si Mtoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Dawati la Jinsia na Watoto, Wilaya ya Bunda
Tarehe 15/05/2025, saa nne asubuhi

Jina: Jeska Benjamini. Umri: miaka 24. Kabila: Mjita, mzaliwa wa Murangi. Dini: Mkristo. Elimu: kidato cha pili. Kazi: kuchonga mbao kwa mashine, nyumbani. Makazi: Bunda mjini.

Kwanza afande unisamehe. Niliitwa Jumanne na leo ni Alhamisi. Mtoto anaota meno, halali, na mimi silali. Halafu nilikuwa na kichwa cha kitanda cha bibi harusi wa Butiama. Nisingekimaliza, angelalia ubao mtupu.

Mimi ni mama wa Keraryo, mwenye mwaka mmoja na miezi minne. Mume wangu Eliud anapakia mizigo kivukoni Kisorya. Nyumbani naishi na mdogo wangu Matrida, ndiye anayenishikia mtoto nikiwa kwenye mashine.

Mnamo tarehe 12/05/2025, Jumatatu, majira ya saa tatu asubuhi, nilikuwa uani nachonga maua kwenye mbao. Mota ya mashine ikaanza kutoa cheche, ikawa inazunguka kwa kukwamakwama, mwisho ikazima. Nikasikia harufu ya kuungua. Nilichomoa waya haraka, nikampigia Eliud. Nilisema, "Baba Keraryo, mota ameungua!" Mimi ninasemaga hivyo, mota "ameungua", mota "amechoka", kama mtu. Nimemzoea.

Eliud akauliza, "Ameungua wapi?" Kule kivuko kilikuwa kinapiga honi. Nikajibu, "Ndani kwa ndani! Moshi unamtoka!" Simu yangu ikazima, chaji imeisha. Sikujua kwamba yeye amesikia "mtoto".

Mimi nilitulia, nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilichomeka pasi kwenye soketi ileile, ikapata moto, nikajua umeme upo. Waya haukuwa umekatika. Nikazungusha mota kwa mkono, akazunguka laini, nikajua beringi ni nzima. Nikafungua kwa bisbisi. Ndani vumbi la mbao limeshona kama pamba, na kaboni moja, kile kijiwe cheusi kinachoingiza umeme kwenye mota, imelika imebaki kama punje ya muhindi. Nikamwambia Matrida, "Hajaungua huyu. Ana njaa ya kaboni." Nikamfunga Keraryo mgongoni, nikatia mota kwenye kapu, nikaenda duka la spea karibu na stendi.

Yaliyofuata nimeelezwa na Matrida mwenyewe, na shemeji yangu Isaya hakukataa. Isaya ni mdogo wake Eliud, anauza viatu sokoni. Alipigiwa na kaka yake akaja mbio. Alikuta harufu ya moshi na Matrida peke yake anafagia.

"Yuko wapi aliyeungua?"
"Dada kaenda naye dukani, shemeji."
"Dukani? Si hospitali?"
"Hospitali ya nini? Ameshamfungua, kamkuta amejaa vumbi tupu."
"Amemfungua na nini?"
"Na bisbisi."

Hapo Isaya alipiga yowe, majirani wakajaa. Matrida akafungwa mikono kwa kanga yangu, ile niliyofutia masizi, akaletwa hapa kituoni pamoja na bisbisi.

Mimi niliambiwa njiani nikirudi. Nilikuja moja kwa moja, mtoto mgongoni, mota kwenye kapu. Isaya aliponiona alikaa chini sakafuni. Nikamwambia, "Shemeji, huyu hapa mtoto, na huyu hapa mgonjwa." Askari walicheka. Matrida hakucheka. Jalada lilikuwa limeshafunguliwa, kwa hiyo alitoka kwa dhamana jioni ile.

Kaboni za dukani zilikuwa nene. Nilizisugua kwa msasa mpaka zikaingia bila kukaza, nikapuliza vumbi lote, nikafunga kwa bisbisi ya kuazima. Akawaka, afande. Sauti moja, haina kikohozi. Sikumwita fundi, kwa sababu fundi ni mimi. Kichwa cha kitanda kimefika Butiama.

Lakini mdogo wangu mtaani wanamwita Mchoma Mtoto, na Jumatatu ijayo anaanza kazi ya kulea watoto kwenye chekechea. Mwenye chekechea amesema anasubiri neno la polisi. Matrida amemlea Keraryo tangu siku ya kwanza. Mtoto wangu hajawahi kupata hata lengelenge mikononi mwake. Isaya simdai kitu, alikimbia kwa uchungu. Ila ni yeye aliyepiga yowe, apite nyumba zilezile aseme alikosea.

Niliyoyajua nimeyasema yote, sina la kuongeza wala la kupunguza. Ninachohitaji bado: jalada lifungwe; barua ya kituo iende kwa mwenye chekechea kabla ya Jumatatu; nirudishiwe bisbisi ya nyota yenye mpini mwekundu; na kanga yangu, hata bila kufuliwa.

Sahihi: Jeska Benjamini

Maelezo ya mpokeaji: Shahidi amesomewa maelezo haya, akakubali na kusaini mbele yangu. Mtoto nimemkagua mwili mzima, hana jeraha lolote, jipya wala la zamani. Wakati wa ukaguzi alinililia mimi, akamlilia na mama yake. Alinyamaza alipobebwa na mtuhumiwa, Matrida, aliyekuja nao. Napendekeza jalada lifungwe leo. Barua nitaipeleka mwenyewe.

WP Koplo Hyasinta