Mayai Niliyoacha Kukoroga

Dada yangu Nekesa,

Najua ukiona nimekuandikia kwa kalamu utafikiri kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Sisi sote wazima, mwanao amekua hadi sketi ya shule imekuwa fupi, na mama kule nyumbani bado anagombana na kuku wa jirani. Nimeshika kalamu kwa sababu kila nikijaribu kukurekodia sauti Shantel huja kusikiliza, na haya si maneno ya yeye kusikia. Mchana huu saluni haina mteja. Nikimaliza barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu, uisome ukiwa peke yako.

Uliponipigia kusema tiketi imekatwa, kwamba unarudi kabisa na Uarabuni hutaiona tena, nilipiga kigelegele mpaka mama niliyekuwa namsuka akaruka kwenye kiti. Kigelegele kilikuwa cha kweli, dada. Lakini kilipoisha kuna kitu kilibaki kifuani, na ndicho kinachoniandikisha. Unarudi kwa mtoto asiyekujua, na aliyemfanya asikujue ni mimi.

Wacha nianzie Gatwekera, kwenye chumba chetu cha kwanza mjini, maana huko ndiko ulikonifundisha kupika. Nilitoka nyumbani nikijua kusongea ugali matanga mazima kwa mafiga matatu, lakini stovu yako ndogo ya mafuta taa ilinishinda. Nilipiga magoti nikaanza kuipuliza. Ulicheka ukaegemea ukuta wa mabati hadi jirani akagonga upande wake kuuliza kama tuko salama. Ukaniambia, "Hii si moto ya kuni ya shags. Hii ukipuliza inazimika." Ukanishika mkono, ukanionyesha kuinua tambi taratibu.

Sufuria ilikuwa moja. Tulianza na ugali, tukaugeuza kwenye sahani na kuufunika, kisha sufuria hiyohiyo ikaoshwa na kurudi motoni. Mafuta kidogo ya kupima, kitunguu mpaka kigeuke rangi, nyanya mpaka zisahau kwamba zilikuwa nyanya, halafu sukuma ambayo mama mboga ameshatukatia nyembamba kama nyuzi. Mwisho mayai. Wewe uliyapiga kwenye kikombe, ukayamwaga juu ya mboga na kuanza kukoroga, na hukuacha hadi yai likawa halionekani tena, limeingia lote kwenye majani. Nilikuuliza kwa nini usiyaache yaonekane, maana mimi nilipenda kuona yai langu. Ukasema, "Ukikoroga, hakuna mtu atauliza yai yake iko wapi." Tulikuwa wawili, wa tatu akiwa tumboni mwako, na baba yake alishaenda zake bila kuaga. Nilielewa.

Halafu dania. Wewe na dania yako. Sufuria ikishatoka motoni ulitupia konzi nzima ya majani hayo, ukainamisha uso ndani ya mvuke kama mtu anayejifukiza mafua. Mama Otis alikuwa akilalamika kutoka upande wa pili wa mabati kwamba harufu hiyo itamuua kwa njaa, nawe ulikuwa ukimpelekea kidogo kwenye kifuniko. Shantel alipozaliwa, alijua harufu hiyo kabla ya kujua jina lake. Ukiingia nayo kwenye nguo zako, alikuwa akigeuza kichwa.

Jioni ya mwisho ulipika hiyo hiyo. Begi lilikuwa mlangoni. Shantel alikuwa mgongoni kwangu, ndiyo kwanza ameanza kutembea na kuangukaanguka. Ulimlisha mwenyewe kwa vidole, halafu ukaniambia bila kuniangalia, "Akinililia, mpikie hii. Atajua ni mimi." Hukuniachia agizo lingine. Nguo, shule, dawa za minyoo, yote hayo uliniamini nitajua. Ulichonikabidhi kwa mdomo ni chakula hicho kimoja.

Nilikipika. Wiki za kwanza nilikipika kama ulivyosema, nikakoroga, nikatupia dania. Na kila harufu ilipopanda, mtoto aliacha alichokuwa akichezea, akajikokota hadi mlangoni, akashika pazia na kutazama nje. Halii. Anangoja tu. Akishangoja vya kutosha anageuka kuniangalia mimi, halafu anaangalia tena nje, na hapo ndipo kilio kinaanza, kilio cha kutapika. Majirani walikuja kuniuliza kama nampiga. Sikukuambia kwenye simu. Uliponiuliza anakula vizuri, nilisema anakula vizuri.

Nilijikaza kisabuni, nikaendelea, kwa sababu niliahidi. Mpaka jioni moja mama mboga hakuwa na dania, na mimi nilikuwa nimechoka, miguu imevimba kwa kusimama. Sikuyapiga mayai kwenye kikombe. Niliyapasulia juu ya mboga tu, nikafunika sufuria kwa sahani, nikakaa chini. Nilipofunua, yalikuwa yameiva mazima, meupe na manjano katikati. Shantel akachungulia, akanyoosha kidole, akasema, "Macho." Akacheka. Nekesa, sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke. Alikula jicho moja lote na hakwenda mlangoni.

Kesho yake mama mboga alikuwa na dania, na sikununua.

Nilijiambia ni huruma. Na mwanzoni ilikuwa huruma, hilo nitalisema hata mbele ya kiti cha hukumu. Mtoto alianza kulala, akanenepa, akaacha kuamka na kutafuta. Lakini akishatulia, si ningeanza kukurudisha kidogo kidogo? Ningetia dania majani mawili leo, matatu kesho, nikimwambia hii ni ya mama. Sikufanya hivyo. Ulikuwa umeniachia njia moja ya kukaa ndani ya nyumba hiyo ukiwa mbali, na mimi nilikutoa kwenye sufuria. Nikaendelea kukutoa hata nilipokuwa sina sababu tena.

Tulipohamia Kawangware, hapa Kabiro, hakuna aliyetujua. Wapangaji waliona mwanamke na mtoto, wakaniita Mama Shantel, kama wanawake wote wa ploti wanavyoitwa kwa watoto wao. Siku ya kwanza ningesema, "Hapana, huyu ni wa dada yangu." Ni maneno machache tu. Nilikuwa nimebeba godoro kichwani, nikajiambia nitayasema nikilishusha. Mwalimu wake naye akaniita hivyo. Shantel mwenyewe akasikia watu wote wanasema hivyo, naye akaanza kuniita mama. Jirani mmoja niliyemweleza mwishowe alinipa methali: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Niliipokea kama mtu aliyepewa zawadi. Nyingine, ile ya uchungu wa mwana, niliisukuma huko nyuma ya kichwa nisiisikie.

Na kuna siku ile ya maji. Ulikuwa kwenye simu, spika iko wazi, unanisimulia mama mwenye nyumba unayofanyia kazi anavyopenda mazulia. Mtu akaita kutoka uani, "Mama Shantel, maji imekuja!" Nami nikaitika, "Nakuja!" Niliitika haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyoitika jina lake. Nilipochukua ndoo nikakumbuka uko hapo. Halafu ukauliza kama kwetu mvua imeanza. Nikakujibu kuhusu mvua.

Lakini hilo silo linaloninyima raha zaidi. Linalonisuta ni ile Ijumaa yako ya mapumziko. Ulisema unataka kula na mwanao hata kama ni kupitia kioo. Uliegemeza simu kwenye mtungi wa sukari huko jikoni kwenu, ukatuonyesha sufuria, ukatuonyesha sukuma ya huko ambayo si sukuma kabisa. Ulikuwa umejifunga kitambaa kizuri kichwani. Shantel alikuwa mapajani mwangu, anakula macho yake. Ulipopiga mayai na kuanza kukoroga, ulikuwa ukimwimbia jina lake, na yeye akainua uso akaniambia mimi, si wewe, "Huyo anaharibu."

Ulicheka, Nekesa. Ulicheka ukasema ametoa wapi ukali huo, halafu ukainama kutafuta kitu chini ambacho najua hakikuwepo. Mimi pia nilicheka. Na ndani ya kicheko changu kulikuwa na furaha. Ndilo hilo ninalokuandikia. Nilifurahi kwamba amejua changu na hajajua chako. Ilikuwa furaha ya kupita tu, lakini niliiona na nikajua ni yangu. Wewe unapangusa meza za watu ili mtoto huyu avae viatu, na mimi nimekaa na mtoto mapajani, nafurahi kwamba nimekushinda.

Tangu tiketi ikatwe nimerudia kupika kwako. Mara ya kwanza nilinunua dania, nikaiosha. Nikapiga mayai kwenye kikombe, nikakoroga hadi yakapotea. Shantel alifunua sufuria, akanitazama kama mwalimu aliyekuta ubao umefutwa. Aliuliza nani ameharibu mayai. Nikamwambia hivi ndivyo mama yake anavyopika.

"Si ni wewe mama yangu?"

Nikamwambia, "Mimi ni mdogo wake. Yeye ndio alikuzaa. Alienda kazi mbali ndio sisi tukule."

Alikula ugali mtupu jioni hiyo. Mara ya pili alionja pembeni. Mara ya tatu alimaliza, kwa uso wa mtu anayekunywa dawa, na akasema majani yale yananuka kama kitu, lakini hakujua kama nini. Nilimwangalia akinusa kijiko. Nilitamani kukuambia kwamba amekumbuka, lakini nimeshakudanganya vya kutosha. Hajakumbuka. Alinusa tu.

Kwa hivyo nakuomba mambo machache ukifika. Usimkimbilie kumkumbatia, atajificha nyuma yangu, na hilo litakuumiza zaidi ya miaka yote hiyo. Ingia jikoni. Pika chako, usipike changu, hata akinung'unika, hata akikuomba macho. Koroga. Tia dania yote unayotaka. Mimi nimepata chumba ploti ya jirani, hiki nakuachia wewe na yeye. Nilitaka kwenda mbali zaidi, nirudi hata Gatwekera, nikaona ni ubinafsi mwingine; mtoto huyu ameshaachwa mara moja. Nitakuwa karibu, nitapita kama wageni wanavyopita, nitakaa kwenye stuli, nitaondoka nikiambiwa karibu tena. Wiki chache za mwanzo zitakuwa ngumu. Atalia, na safari hii atakuwa ananililia mimi. Nitasikia kutoka ploti ya jirani, na sitakuja.

Sikuombi msamaha kwa kumlea, maana nilimlea vizuri na wewe utaona. Nakuomba msamaha kwa kufurahi siku ile. Na kwa kuitika.

Jana tulikuwa tunachambua mboga mlangoni, akaniuliza wewe ukifika yeye ataniita mimi nani. Nikamwambia Auntie. Akalionja mdomoni, akasema ni gumu, ngoja alizoee. Basi akaanza mazoezi kama wimbo wa shule. Auntie, nipatie hiyo. Auntie, nimemaliza hizi. Auntie, kuna mdudu hapa. Nami naitika, naitika. Halafu mdudu akamrukia mkononi, akashtuka akasahau, akapiga kelele, "Mama!" Nilimtoa yule mdudu, nikaendelea kuchambua mboga, na sikuitika. Aliita tena. Sikuitika. Akanitazama, akafikiri, akasema polepole, "Auntie."

Ndipo nikaitika.

Safiri salama, dada.

Mdogo wako,
Nafula