Mama Veneranda amekataa kuwaonyesha

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Jumatano usiku, Agosti 1988

Bado namwaza Mama Veneranda. Mimi, mwalimu akiniita tu darasani, najificha nyuma ya daftari, iwe kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Yeye leo amembishia ofisa wa Mbarara mbele ya watu wote!

Ofisa alikuja kuona kama kikundi cha Mama Veneranda na mama zetu wengine, kinachosaidia vijana kuacha bangi, kipewe pesa za serikali. Akasema, "Mama, wale wavutaji wasimame, tuwaone." Kaka yangu Damasi alikuwa karibu nami, amenishika mkono. Angesimamishwa, angerudia bangi jioni hiyo hiyo, najua.

"Hapana, bwana mkubwa," Mama akajibu. "Pesa tunaitaka, tena mingi, lakini hawa si mbuzi wa mnada. Twende shamba, ulime na vijana wote. Utaona kazi yao."

"Na viatu yangu?"

"Vua tu, baba."

Watu wakacheka. Nikaogopa pesa zimekwenda. Lakini akavua! Amelima mpaka jua kali, na wakati wa kuondoka akasema msaada atatuombea mwenyewe. Jina la mvutaji hakuuliza.

Damasi amekula vizuri usiku huu. Nilitaka kumwambia namwonea fahari. Badala yake nimemwongezea maharage.