Manyoya ya Jogoo Wako Yamefika Ujiji

Ujiji, Kigoma

Mdogo wangu Atuganile,

Shikamoo uliyoiweka juu ya kifurushi cha manyoya imenifikia, nami nakuitikia marahaba. Goti linaendeleaje? Nauliza kwa sababu najua utapanda mlima kuchuma chai hata daktari akikukataza. Huku mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka, na nakuandikia wewe kwa kuwa manyoya ya jogoo wako ndiyo yaliyotumika kumtesa mtu.

Unakumbuka nilivyofundishwa ujanani, na meneja wa shamba la chai, kufunga ndoano za kuvulia samaki aina ya trauti wa mto Kiwira. Tangu hapo sijaacha, ingawa katika ziwa hili hakuna trauti hata mmoja. Wastaafu wenzangu hucheza bao. Mimi hubana ndoano ndogo kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, nikaizungushia uzi uliopakwa nta, kisha unyoya wa shingo ya jogoo, mpaka ifanane na mdudu aliyeangukia maji. Mwishoni fundo hulipaka rangi ya kucha lisifunguke. Samaki anadhani ni mdudu, anakuta chuma. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Chumba changu cha uani anakaa Pontien, mkimbizi kutoka Burundi, mvuvi wa Rumonge aliyeharibika kifua. Ana kibali cha kukaa mjini mpaka amalize dawa, ambazo humeza kila asubuhi mbele ya muuguzi wa zahanati kule Rusimbi. Akizikatisha, ugonjwa unarudi mkali kuliko mwanzo. Hilo nililieleza mtaa mzima. Mtumbwi hauwezi tena, na mikono yake ilikuwa inataabika kwa kukosa kazi. Nilipomwonyesha jiliwa alicheka, akasema kwao hufunga unyoya mweupe kwenye kila ndoano ya mshipi na kumvua mgebuka bila chambo. Basi tukawa wawili barazani, yeye na mishipi yake, mimi na wadudu wangu, tukibishana uzi upi unashika vizuri.

Kosa letu lilikuwa kuzianika ndoano kwenye dirisha la chumba chake. Mama wa nyumba ya pili akapita, akaona manyoya meusi yamekazwa kwa uzi, na kila fundo jekundu kama damu. Mjukuu wake alikuwa na homa. Kufika jioni mtaa wote ulikuwa unasema mkimbizi anaroga watoto.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na mgambo wawili. Nikamwambia vitu vile ni vyangu, manyoya yametoka kwa mdogo wangu kule Rungwe, na rangi nimeiomba kwa binti wa mama huyo huyo. Nikakaa, nikafunga moja mbele yao. Wakasogea kutazama, mgambo mmoja akanisifu kwamba nina macho bado. Nikadhani somo limeeleweka.

"Mzee, wewe ukifunga ni mchezo," mwenyekiti akaniambia kwa adabu zote. "Mkono wako tunaujua, umetusomeshea watoto. Wa huyu tunaujua?"

"Ndoano si ni ileile?"

"Ndoano ni ileile, mzee. Mtu ndiye siye."

Wakampandisha kwenye lori la kambi ya wakimbizi akiwa na kanga ya kujifunika kifuani. Dawa zake zikabaki zahanati. Atuganile, jogoo mmoja, uzi mmoja, jiliwa moja: kwangu ni burudani ya mzee, kwake ni uchawi! Nilizunguka ofisi baada ya ofisi na ndoano kiganjani, nikieleza. Kila mahali walinipa shikamoo, wakanipa kiti, wakanisikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyeinua hata kalamu.

Kisha mwenyekiti akaja peke yake. Ana mtumbwi wa migebuka, na samaki walikuwa wamepotea. Aliongea kwa sauti ya chini, akitazama nje, akaniuliza kama zile za yule Mrundi zinaita samaki. Nikaelewa. Zilikuwa uchawi alipotaka kumfukuza mtu, sasa anapotaka samaki zimekuwa dawa.

Nilifungua kinywa nimweleze habari ya jicho la mgebuka na weupe wa unyoya majini. Nikakumbuka vidonge vinavyomngoja mtu zahanati.

"Aliyezifunga ndiye anayejua," nikasema. "Naye mmempeleka kambini."

"Nikimdhamini watamwachia."

"Basi mdhamini."

Hakuuliza zaidi, wala mimi sikueleza. Mimi, niliyekula mshahara wa serikali kwa kazi ya kueleza.

Pontien amerudi, amekonda, na muuguzi amemgombeza kisha akamwanzishia dawa upya. Anafunga mishipi ya mwenyekiti. Akipita njiani akina mama wanawafunika watoto nyuso, na wanaume wanamwamkia kwa mikono miwili. Hilo ndilo linaloniunguza. Hawakumrudisha kwa kuwa ni mgonjwa, wala kwa kuwa ni mtu. Wamemrudisha kwa sababu wanamwogopa na wana haja naye. Nimemwambia siku atakayomaliza kidonge cha mwisho nitasimama mkutanoni niwaambie ukweli wote.

"Ego, mwalimu, utawaambia," akaniitikia kwa ndiyo ya Kirundi, bila kuinua macho kwenye uzi. "Lakini hasira ziache. Mimi nimeshawahi kuokolewa na vitu vibaya kuliko hiki."

Sijaziacha.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie ng'ombe wake nimemsikia kazaa. Msalimie mama mkubwa, na umshike mkono kwa niaba yangu kwa kuwa macho hayamsaidii tena. Na umsalimie mwanao wa kwanza, mwalimu mwenzangu, niliyemfundisha tangu mdogo kwamba uchawi haupo na kwamba jambo hilo lazima lisemwe mbele ya kila mtu. Barua hii usimwonyeshe.

Kaka yako akupendaye,
Ambakisye