Shuka la Viraka la Fundi Mektilda

Careen, acha unachofanya usome. Ndiyo natoka sala ya jumuiya kwa fundi Mektilda, mbavu zinaniuma.

Si unajua anavyoringia lile shuka lake la viraka? Leo kalitandaza kwenye kochi kabla hata ya rozari. Kila anayeingia anaambiwa, "Hii ni sanaa, jamani. Mwaka mzima naunga vipande." Halafu anasubiri sifa.

Mama Theodory akainama. Akauliza taratibu, "Mektilda, hili ua si la kitenge changu?"

Kile kitenge, Careen. Kile alichoambiwa na fundi hakikutosha, akashonewa gauni lisilo na mikono. Na leo ndilo alilovaa.

Akasogeza bega kwenye kiraka. Ua kwa ua.

Mektilda kijasho kikamtoka. "Vitenge vinafanana," akasema. Hapo wote tukanyanyuka kutafuta vyetu. Chako cha njano kipo, katikati kabisa.

Rozari tulisali hivyo hivyo. Kwenye kuomba msamaha, sauti yake ilizidi ya wote.

Tunaaga, Mama Theodory akamwambia kwa upole, "Wiki ijayo jumuiya ni kwangu. Uje na shuka. Ambao hawakufika leo hawajaona vya kwao."