Shingo Isiyogeuka

Baba,

Mengi yameharibika Nakuru tangu tukuzike mwaka jana. Hayo nimeyaandika gazetini, sitayarudia hapa. Nakuandikia kuhusu swali la Mama.

Dereva wa lori la mbao lililokugonga ukiwa kwenye baiskeli alisema, "Mzee alikuwa pembeni vizuri, halafu akajiingiza mbele yangu mwenyewe." Matangani watu wakanong'ona kwamba ulitaka kufa. Mama hakubishana na mtu. Ananiuliza mimi, kila nikifika Gilgil: "Kwani alinichoka?" Kila mara mimi hubadilisha mazungumzo.

Wiki hii nilitumwa kwenye chuo kimoja mjini, ambako watafiti wanachunguza usalama wa wazee wanaoendesha baiskeli. Baiskeli yenyewe imefungwa sakafuni, haiendi popote. Mzee huvalishwa miwani mikubwa iliyounganishwa na kompyuta, akaona barabara, magari na watu ambao hawapo. Akigongwa, haumii.

Rafiki yako Ndirangu alikuwa mmoja wa waliojitolea. Alimpungia mkono mwanamke aliyemwona ndani ya miwani. "Mathe, habari ya asubuhi?" Mwanamke akaendelea kutembea. "Huyu ana maringo kuliko watu wa Nairobi!" Tulicheka sote.

Kisha lori likanguruma nyuma yake. Ndirangu akageuka kuliangalia, na baiskeli ikaingia katikati ya barabara. Wakarudia. Ikaingia tena. Akakasirika: "Mimi nimenyoosha usukani, boss! Mashine yenu ndiyo imelewa."

Nilimuuliza mtafiti. Alisema wameyaona hayo kwa wazee wengi: shingo ikikakamaa, anayetaka kuangalia nyuma hugeuza mabega, na mikono huvuta usukani kulia bila yeye kujua.

Nikaacha kuandika. Nilikukumbuka mezani, Mama akikuita kutoka jikoni, nawe ukigeuka mwili mzima kama mlango. "Shingo yangu niliiacha kwenye magunia ya viazi," ulikuwa ukisema.

Mashine haikuwepo siku ile, wala mimi sikuwepo. Gazetini ningeandika "huenda", na Mama nitamwambia hivyo hivyo. Huenda hukulifuata lori. Huenda ulikuwa unaliangalia lisikugonge. Anayetaka kufa haangalii nyuma.

Baiskeli yako ilinyooshwa, nikampa Ndirangu. Nimeifungia kioo cha kuangalia nyuma upande wa kulia. Alilalamika kwamba sasa anaonekana kama pikipiki, lakini hajakitoa.

Pumzika, Baba. Jumamosi nakwenda Gilgil, na safari hii Mama akiuliza, nitamjibu.

Mwanao