Kamba za Ng'ombe, Nguzo za Paka

Huku Poland,
Jumapili, baada ya kufua.

Kaka Athumani,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Aliniambia juzi kwenye simu kuwa siku hizi anafika mpaka karakanani bila fimbo, lakini Mama namjua, hata akiwa anatambaa atasema anatembea. Niambie wewe ukweli. Mimi mwili ni mzima. Baridi imeanza tena na vidole vinapasuka pembeni ya kucha, napaka mafuta ya mgando naendelea na kazi. Ila roho yangu haiko sawa, na leo sitakuficha.

Umezoea nikupigie. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikifika penyewe unaniambia mtandao unakatika, na ajabu mtandao wa Korogwe haukatiki tukiongelea harusi. Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Lushoto ninayekaa naye chumba kimoja. Yeye anarudi nyumbani moja kwa moja, na basi lake likisimama stendi ya Korogwe atakupigia uje uichukue. Isome mpaka mwisho, halafu ndiyo ukasirike.

Unajua nafanya kazi kwenye kiwanda cha mambo ya katani, lakini sijawahi kukueleza vizuri ni mambo gani, maana niliona haya. Ni ya paka, Kaka. Paka wa huku wanaishi ndani ya nyumba, hawana mti wa kukwaruzia kucha, basi wenyewe wanawanunulia kinguzo kilichozungushiwa kamba ya katani kutoka chini hadi juu. Kazi yangu ni kusimama kwenye mashine inayoizungusha hiyo kamba. Zamu nzima nimesimama. Baba yetu alimaliza nguvu zake zote kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, sisi tumelelewa na harufu ile mpaka tukaizoea kama harufu ya nyumbani, na mimi mwanawe nimepanda ndege kuja kuvisha nguzo za paka wa watu. We acha tu.

Na singa zenyewe, hizo nyuzi za mkonge, zinatoka kwetu! Zinafungwa marobota, zinapakiwa meli Tanga, zinapelekwa nchi ya watu wengine wanaozisokota, halafu kamba ndiyo inaletwa hapa. Nililijua hilo kwa mama anayenunua vifaa vya kiwanda, yule Halina ninayekutajia siku zote. Nilipojua sikumpa nafasi ya kupumua. Kila akipita kwenye mashine yangu namwambia kwetu tunasokota wenyewe, kaka yangu ana karakana, jaribu kwetu. Alichoka na mimi mpaka akakubali kuona mfano.

Ule mfano alisokota Mama, unakumbuka. Halina aliupitisha kwenye vidole vyake, akauweka kwenye mashine, ukaenda mpaka mwisho bila kukwama hata kidogo. Akaniuliza mama yako anatumia mashine ya kampuni gani. Nikamwambia ni gurudumu la baiskeli. Alicheka, lakini hakudharau, na hapo hapo akasema tulete mzigo wa majaribio. Ukipita, wataagiza kwetu moja kwa moja, na watahitaji mtu wao Korogwe anayejua vipimo vya kiwanda, akague kamba kabla hazijapakiwa. Mtu huyo ningekuwa mimi. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, ningerudi nyumbani na kazi mkononi.

Ndiyo maana mkanipigia lipu kile chumba cha uani na kuezeka bati jipya. Picha yake ninayo kwenye simu. Wenzangu wakitoa picha za wachumba wao, mimi natoa ukuta. Walinicheka sana.

Sasa tuje kwenye kibati. Halina aliwaambia mafundi wa kiwanda wanitobolee kibati tundu la unene wanaoutaka, nikakutumia. Nikakueleza kwa sauti, nikakuandikia, nikamrudia na wifi asije akasahau. Kila kamba ipite kwenye tundu, ncha hadi ncha. Inayokwama isipakiwe. Iwe kavu. Isipakwe kitu chochote. Ukanijibu, "Nimekuelewa, dada mkaguzi." Nikafurahi na utani wako.

Yaliyofuata kanieleza wifi, na usimgombeze, nilimlazimisha. Siku ya kwanza ulipima vizuri. Za Mama zikapita zote, zako nyingine zikakwama ukazirudia. Kisha akashuka Shangazi Mwanaidi kutoka Handeni na mizigo yake miwili ya kamba. Kamba za Shangazi kila mtu anazijua. Upande wa shingo nene, halafu zinapungua taratibu kuelekea mkononi, kwa sababu anawasokotea wafugaji wa mnadani. Fahali anavuta mpaka anachoka, kamba haikatiki wala shingo haipati kidonda. Wamasai wa Handeni wakifika mnadani wanamuulizia kwa jina. Kwa kazi ile hana mpinzani, na hakuna anayembishia.

Ila ilipofika kwenye kibati, shingo ikagoma kupita. Na yeye akasimama katikati ya karakana, majirani wote wakisikia, akakuuliza, "Athumani, mimi niliyekuogesha, leo unanipima kwa bati?"

Ukakitoa kibati, ukakitundika nyuma ya mlango. Na Shangazi asipopimwa, jirani gani atakubali kupimwa? Kila mwenye gurudumu mtaani akaleta zake, nene, nyembamba, yenye fundo, yenye mkia, na zote ukapokea kwa mikono miwili na kuwaambia ahsanteni. Sikusemi kwa kuwa na heshima, Kaka. Najua kwetu kumrudishia mtu mzima kazi ya mkono wake mbele za watu ni kumvua nguo, na mimi nimelelewa humo humo. Lakini ungeweza kumwita pembeni. Ungemwambia, Shangazi, hizi ni za ng'ombe, tuzipeleke Handeni zinakopendwa, za kiwandani zina umbo lake. Angenuna, angekula ubwabwa wa wifi, angenyamaza. Ukaona rahisi kuninunisha mimi niliye mbali.

Kisha mvua. Wifi anasema zilishuka kutoka milima ya Vugiri zikakaa, na banda la karakana linavuja pale pale linapovuja tangu Baba yuko hai. Singa zikapata unyevu, kamba zikanywea. Ukaona zimepoteza mng'ao, ukazipaka mafuta ya ng'ombe ziwe laini na ziwake, kama mnavyowafanyia wafugaji. Zile za Mama nazo ukazipaka. Najua ulifanya kwa nia njema, ulitaka zifike zimependeza. Mafuta juu ya unyevu, halafu ndani ya kontena, pamoja na marobota ya yule mfanyabiashara wa Tanga aliyetupa nafasi. Safari yote ile baharini, Kaka. Fikiria mwenyewe.

Siku mzigo ulipofika Halina aliniita nije niufungue kwa mkono wangu, alitaka kunipa heshima. Nilikuwa nimefunga kilemba kipya. Nikakata gunia la kwanza, na ile harufu ya mafuta yaliyochacha ikatoka ikajaa jengo zima, watu wakaacha mashine wakaja kuangalia kimekufa nini. Mmoja akaniuliza kama kwetu kamba huwa tunaipika na nyama. Nikavumilia, nikasema labda ni la juu tu. Tukachukua kamba, tukaiweka kwenye mashine, ikaanza kwenda. Ilipofika kwenye shingo ikakwama na kuvunja kile chuma kinachoiongoza. Wakafunga chuma kingine. Ya pili nayo hivyo hivyo.

Halina hakufoka. Alisema polepole, ili lugha yao nisiikose: "Zuhura, ule mfano ulikuwa mzuri. Huu mzigo ni wa nani?"

Ningemwambia ni wa Shangazi? Niliona aibu. Nikamwomba anipe muda nichambue, maana kamba za Mama nazijua, anamalizia ncha kwa uzi mwekundu wa khanga, na hizo zina unene mmoja, zikifutwa na kuanikwa zinafaa. Akasema hapana. Huku hawachambui, mzigo ukikataliwa umekataliwa wote, na kama kuna wa kuchambua alitakiwa achambue kabla haujapanda meli. Nikapewa mkasi wa mashine nizikate vipande, ziende kuchomwa kwenye tanuru linalopasha maji ya kiwanda. Nilizikata mimi, Kaka. Za uzi mwekundu pia nimezikata mimi, moja baada ya nyingine, nalia na kamasi zinanitoka, na msimamizi ananiambia niongeze kasi.

Jioni yake nikakupigia. Nilitaka uniambie pole tu. Ukaniambia, "Kamba ni kamba, Zuhura. Ng'ombe hajawahi kulalamika." Halafu ukaongeza kwamba hao Wazungu wanatubagua tu, na mtandao ukakatika.

Haya, sasa nisikilize. Sisemi watu wa huku ni malaika. Nikiugua wanauliza kwanza nani atasimama kwenye mashine, ndipo waulize naumwa nini, na tangu siku ile wamenitoa kwenye mashine wameniweka upande wa takataka. Ubaguzi upo na nimeuonja. Lakini kile kichuma kilichovunjika hakijui mimi natoka wapi. Hizo kamba za wenzetu wanaotushinda nimezivuta kwa mikono yangu, wala si imara kama zetu, ng'ombe wa Handeni angezikata asubuhi na mapema. Ila ya leo na ya mwaka jana ni ile ile. Mtu anaagiza akijua atakachopata. Hicho tu ndicho wanachotushinda nacho, hicho tu, na kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango wako.

Tena usiniambie habari za kupenda cha kwetu. Sikukuu ulinitumia picha ya mbuzi. Kafungwa kwa kamba ya manila, ya bluu, ya dukani, iliyotoka huko huko ng'ambo, na kafungwa kwenye nguzo ya karakana yetu ya kamba! Mbuzi wa msokota kamba. Nilicheka peke yangu mpaka nikalia, na yule dada wa Lushoto akadhani nimepata msiba.

Kuna jambo moja nakuachia wewe. Mama kila tukiongea ananiuliza, zile za uzi mwekundu wamezipenda? Nimekuwa nikimzungusha, mara hawajazifikia, mara wanakagua. Siwezi tena. Mwambie wewe, umkalishe chini umwambie yote, kwamba zake zilikuwa nzuri na zimekwenda na za wengine. Usimdanganye kwamba ni ubaguzi. Mama hakustahili hili, na akilia, safari hii utamwona wewe.

Nisalimie wifi, mwambie nikipiga simu tena nitampigia yeye kwanza. Nisalimie wanao, na yule fundi baiskeli jirani anayetutengenezea magurudumu. Shangazi Mwanaidi msalimie sana, na usimsomee barua hii. Mwambie kamba zake zina wenyewe Handeni, asibadilishe hata kidogo, ila zisiingie tena kwenye gunia moja na za kiwanda. Wapo wenye viwanda hata hapo Tanga wa kuanza nao, wakakuzoea. Huku Halina ameshafunga mlango, na mimi sina uso wa kuugonga.

Mkataba nimesaini tena. Sikuwa na cha kurudia.

Kile chumba cha uani usikipangishe. Kitanda kitoe umpe mwanao mkubwa. Bati lake halivuji na lipu imeshakauka, kwa hiyo kifanye stoo. Pigilia vichanja ukutani, weka singa humo, zikae kavu mvua zikinyesha. Na kibati kitoe huko nyuma ya mlango, ukipigilie msumari kwenye mlango wa chumba changu, mahali ambapo kila mtu atakiona, na kila anayeingia na kamba aipitishe hapo kwanza. Hata Mama. Mimi, Kaka, humo chumbani nilikuwa nimeshachagua upande wa kulaza kichwa.

Mdogo wako,
Zuhura