Kisanduku Nilichokijaza Kwenye Namba ya Binti Yangu

Binti yangu ndiye aliyechora namba zinazowaka kwenye ubao wa zahanati yetu, na mimi mama yake mzazi ndiye niliyeziharibu, na mpaka leo hajui.

Mshauri, salamu zinakuja nyuma, unisamehe, jambo lenyewe halisubiri. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mdogo wangu basi marahaba. Nisaidie kabla ya Ijumaa.

Huyu ni kitinda mimba wangu, yuko chuoni, na sisemi kwa kuwa nimemzaa, lakini akili yake mtaa mzima wanaijua kwa sababu nimewaambia. Anapenda herufi za visanduku, zile zilizokuwa kwenye michezo ya zamani ya kompyuta na simu za kubonyeza, anazichora kwenye daftari la hesabu akijaza kisanduku kimoja kimoja. Shangazi yake huzicheka, anasema zina meno kama msumeno, nami humjibu kwamba wewe wifi hata mstari ulionyooka hujawahi kuchora. Basi zahanati wakapata ubao wa taa uliotumika, wa kuwaitia wagonjwa namba zao kwenye dirisha la dawa, namba zake zimefutika, kila namba inakaa kwenye taa tatu kwa upana na tano kwa urefu, na muuguzi mkuu akamwomba binti yangu azitengeneze upya. Habari hiyo niliitangaza kuanzia sokoni hadi kwenye kikundi chetu cha kushona.

Siku ya kupeleka karatasi alikuwa na mtihani, nikaipeleka mimi, na pale kwenye benchi nikimsubiri fundi wa ubao nikaikunjua niitazame tena kwa kujidai, na mshauri, mimi nadarizi vitambaa kwa mishono ya msalaba tangu sijaolewa, jicho likiona tundu mkono hauniulizi, nikaona kwenye tatu kuna kisanduku kitupu upande wa kushoto, mstari wa pili kutoka juu, nikadhani mtoto kakiruka kwa uchovu, nikatoa kalamu nikakijaza. Nilitazama visanduku, sikusoma namba. Fundi akaingiza kama karatasi ilivyosema.

Jumatatu ya wiki jana ubao ukawashwa. Moja ikawaka, mbili ikawaka, ilipofika zamu ya tatu ikawaka tisa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyeshika kikaratasi cha namba tisa, akafurahi foleni imekimbia, akaenda dirishani, na mtoa dawa, akijua ni zamu ya tatu, akampa dawa za presha za mzee wa namba tatu, na mzee mwenyewe amekaa tu anasubiri. Mtoa dawa alimkimbilia akamkuta getini, pakiti ameshaifungua. Sasa ubao umefunikwa shuka, na Ijumaa binti yangu ameitwa ajieleze.

Anaamini ni yeye aliyekosea. Nakala hana, karatasi iko kwa muuguzi mkuu. Daftari lake amelitupia juu ya kabati, na juzi akiosha vyombo akaniambia, "Mama, mkono wangu siuamini tena. Ijumaa nitawaambia watafute mtu mwingine." Nilifungua mdomo niseme, nikajikuta namwambia chai inapoa. Nikisema, nitaitwa mama aliyemharibia mwanawe. Nikinyamaza, ataacha kitu anachokipenda kuliko vyote. Nifanye nini?

Mama wa Mchora Namba

JIBU

Mama, mimi ni mdogo wako, kwa hiyo shikamoo, halafu niruhusu nikuseme. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine ili jibu likufikie kabla ya Ijumaa.

Nakuonea huruma, na najua ulikijaza kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayo yalikaribia kumlisha mtoto dawa za mzee. Kwenye kitambaa chako mshono mmoja ukizidi hakuna anayeona. Namba ya visanduku kumi na vitano haina pa kuongeza. Palipo wazi, binti yako alipaacha wazi kwa makusudi, kwa sababu ndipo tatu inapotengana na tisa. Yeye alifanya kazi yake sawasawa, na anayelijua hilo ni wewe peke yako, nawe umekaa kimya huku akijiandaa kukiri kosa lako mbele ya watu. Hapo unajificha nyuma ya mtoto, mama, tusipambe.

Mwambie leo, kabla hujaliweka gazeti hili chini. Usizunguke wala usilie kwanza ili yeye ndiye akubembeleze. Sema: "Kile kisanduku nilikijaza mimi." Kisha nyamaza, akasirike, ana haki. Kesho asubuhi nendeni wote kwa muuguzi mkuu, uombe karatasi na uweke kidole palepale ulipojaza. Mwombe pia akuelekeze kwa yule mama na yule mzee, ukawatake radhi. Na kabla ya ubao kufunuliwa, wawashe sifuri mpaka tisa, mtu akae benchi la nyuma kabisa azisome kwa sauti. Hilo lilipaswa kufanyika tangu mwanzo, na hapo zahanati nao wana lawama.

Limebaki moja, nalo ndilo litakalokuwasha. Sifa zake ulizitangaza kwa sauti kubwa, basi na hili lisikike hivyohivyo. Kikundi cha kushona, majirani, na wifi yako bila kumruka, uwaambie wewe mwenyewe umesimama, binti yako ameketi. Anza kuwaalika leo, usimpunguze hata mmoja: waje kwako Jumapili, saa kumi alasiri.